Kitana cha Siku ya Posho

Kitendawili. Umeshaitikia? Haya, sikiliza vizuri. Kuna mtoto mmoja. Ukimuuliza jirani wa mashariki, atakuambia huyu ni wa tatu kuzaliwa. Ukimuuliza jirani wa magharibi, atakuambia la, huyu ni kifungua mimba. Majirani wote wawili wanajua kuhesabu, na hakuna anayesema uongo. Mtoto ni nani?

Usinipe mji bado. Kishike mkononi kama kokwa, maana Keziah Gichuki naye alikishika asubuhi nzima bila kujua kwamba ametegwa.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa nane, mwaka 2017, na baridi ya Johannesburg ilikuwa bado imekaa kama mgeni asiyejua kuaga. Keziah aliegesha gari mbele ya kiwanda cha zamani cha magodoro, Jeppestown. Alikuwa Mkenya wa miaka hamsini na minne, mpelelezi wa kampuni ya bima. Kabla ya hapo alikaa benki Nairobi miaka kumi na tisa akisaka sahihi za kughushi. Silaha yake ilikuwa daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada.

Mlinzi wa geti alikuwa msichana mrefu aliyevaa koti kubwa kuliko yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wa wapi wewe, mwanangu?"

"Tanga. Naitwa Tabia."

"Nilijua. Hapa mjini nimeshazoea kusalimiwa kwa nyusi. Nionyeshe kitabu cha geti, Jumatatu."

Tabia alifungua kitabu. Mwandiko wake ulikuwa wa mviringo na safi. Keziah alipitisha kidole mpaka mstari wa jioni: *Hélène, saluni. Ametoka saa kumi na mbili kasoro. Mfuko 1. Amesema ni ndevu.*

"Amesema ni nini?"

"Ndevu, mama. Niliandika alivyosema. Nilidhani ananitania."

"Hukufungua?"

"Hélène ni rafiki yangu. Tunakula pamoja mchana." Tabia alishusha macho. "Tulikuwa tunakula."

Aliyemwita Keziah pale alikuwa Wayne, meneja wa uzalishaji, kijana wa Nairobi mwenye simu mbili na usingizi wa nusu mtu. Alimpokea mlangoni na kumweleza habari wakitembea. Ndani ya kiwanda hicho walikuwa wanapiga tamthilia ya televisheni juu ya Waviking, wale watu wa kaskazini mwa Ulaya wa miaka elfu moja iliyopita, mabaharia na wakulima, na wanyang'anyi pia walipopata nafasi. Mshauri wao wa historia, Daktari Chepngetich, alikuwa ameazima kutoka kwa tajiri mmoja wa Norwei kitana cha kweli cha zama zile, cha pembe ya kulungu, ili kipigwe picha na fundi apate kukiiga. Ameazima kwa sahihi yake mwenyewe. Jumanne asubuhi Wayne alifungua mtoto wa meza alimokuwamo kitana, akakuta kitambaa tu.

"Mwizi tunaye, Auntie," alisema Wayne. "Wewe ni kuandika ripoti. Polisi wanakuja saa nane mchana kumchukua."

"Kama mwizi mnaye, kitana kiko wapi?"

"Hicho ndicho hasemi."

Aliinua simu moja na kubonyeza. Ilitoka sauti ya mwanamke, ya chini, yenye haraka, ya mtu anayezungumza huku akitembea barabarani:

*"Tabia ndugu yangu, ile peigne ya bazee ya zamani, nitaibeba siku ya tatu. Siku ya posho itaingia. Usiambie mutu, tafazali."*

"Huyo ni Hélène, Mkongomani, msusi wetu," alisema Wayne. "Peigne ni kitana kwa Kifaransa chao. Alimtumia mlinzi Jumapili usiku, na mlinzi mwenyewe ndiye aliyenipa. Sasa pima mwenyewe. Siku ya tatu, yaani Jumatatu. Jumatatu jioni katoka na mfuko, akiulizwa anajibu dharau, eti ndevu. Siku ya posho, siku ya malipo, pesa itaingia. Imenyooka kama reli."

"Rudia ile sauti."

Wayne alirudia.

"Neno pesa limo wapi?"

"Si amesema posho, Auntie?"

Keziah aliandika maneno yote kama yalivyosemwa, herufi kwa herufi, hata *tafazali*. Benki ilimfundisha kwamba anayesahihisha maandishi ya mtu kabla ya kuyasoma, anajisoma mwenyewe.

Stoo ilikuwa chumba kisicho na dirisha. Palikuwa na meza moja ya mninga yenye watoto wawili, mmoja juu, mmoja chini, kila mmoja na kufuli yake. Keziah aliinama na tochi. Hakuna mkwaruzo. Hakuna mbao iliyopasuka.

"Nani ana funguo?"

"Mimi na Daktari. Lakini zangu huwa naziacha saluni nikienda kula. Hélène anajua."

Mtoto wa juu alikuwa na kitambaa cheusi chenye umbo la kitana lililobaki kama alama ya mtu kitandani. Mtoto wa chini alikuwa na vitana vya kuiga, vyeupe kama maziwa ya jana, vimepangwa kwenye sinia. Keziah alivihesabu kwa ncha ya kalamu. Kumi na kimoja. Aliandika kumi na kimoja.

"Nani alivichonga?"

"Fundi fulani wa Malvern, huko Jules Street. Hélène ndiye aliyevileta. Jina la fundi hasemi, na kwa maoni yangu ndiye mshirika wake. Nimewaambia polisi wamtafute na yeye."

"Vilikuwa vingapi?"

"Kumi na viwili, kitabu cha stoo kiko pale."

"Na vimechongwa vizuri mno," ilisema sauti mlangoni. "Huyo fundi ni hatari. Mpaka mteremko wa msumeno, jinsi mkato wa kila jino unavyolalia upande mmoja, ameufuata."

Daktari Chepngetich alikuwa mwanamke mwembamba wa Kericho, mhadhiri katika chuo cha kule Doornfontein, na macho yake yalionyesha tangu Jumanne hajalala. Alimpa Keziah mkono, kisha akachukua kitana kimoja cha kuiga na kukigeuza kwenye mwanga.

"Cha kweli ni hivi hivi, ila kina mapengo. Meno matatu yamevunjika upande wa mwisho, yamekaribiana. Vya kuiga nilitaka viwe na meno yote, maana enzi zile kilikuwa kipya."

"Daktari, nieleze mimi niliyeishia kujua Waviking kwenye katuni. Hawa si walikuwa wachafu? Nimepita hapo nje, waigizaji wako wanapakwa matope kwa ndoo."

Wayne alicheka kidogo. Daktari hakucheka.

"Waulize hawa. Nimeandika maoni arobaini na saba juu ya yale matope. Pembe kwenye kofia walikubali kuziondoa, namshukuru Mungu, maana hawakuvaa pembe vichwani. Matope wamekataa."

"Watazamaji wanataka Viking mwenye sura ya Viking," alisema Wayne. "Akitoka bafuni atafanana na mtu wa benki."

"Makaburini mwao tunakuta vitana vingi kuliko mapanga. Mume na mke, kila mtu alikuwa na chake, kimening'inia kiunoni. Walioga. Waingereza wa zamani waliwalalamikia kwamba wanachana nywele na kuoga mno, wanawake wanawapenda. Hata Jumamosi, kwa lugha yao, jina lake lilikuwa siku ya kuoga. Mpaka leo kule kaskazini jina limebaki, ingawa siku hizi wanaoga wanapotaka."

"Siku iliitwa kwa kazi yake," alisema Keziah.

"Ndiyo."

Keziah aliliandika hilo pia, chini ya *kumi na kimoja*, akapiga mstari.

"Arobaini na saba," alinong'ona Wayne. "Nimemruhusu moja tu, Auntie. Jumatatu mwigizaji wetu wa chifu alichana ndevu zake mbele ya kamera. Na hata hapo alikalia kitana kikavunjika."

Saluni ilikuwa chumba cha pembeni chenye vioo vitatu na harufu ya mafuta ya nywele. Hélène alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kusukwa na watu wasiojua kusuka. Alikuwa mwanamke wa Likasi, Kongo ya kusini, wa miaka thelathini na kitu. Ukuta mzima nyuma yake ulikuwa wa picha, kila mwigizaji kapigwa mbele, nyuma na ubavuni, ili kesho nywele zikae kama zilivyokaa jana.

Keziah alivuta stuli akaketi chini kidogo kuliko yeye.

"Mimi ni Keziah. Si polisi. Naulizia kitana tu."

"Yaya, mi sikuiba." Kwao Likasi, yaya ni dada mkubwa.

"Sauti hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Umesema utakibeba."

"Nilisema nitaibeba. Sikusema nimeibeba."

"Ulikuwa umeomba ruhusa?"

"Apana. Hiyo ni kosa yangu, naikubali."

"Ulitaka kukifanyia nini?"

Hélène alitazama mlango. Wayne na Daktari walikuwa wamesimama pale.

"Ulitaka kukiuza?"

"Apana."

"Kukivaa? Kumchania mtu?"

"Yaya, uliza kingine."

"Mwenye kuvichonga vile vya kuiga ni nani?"

"Uliza kingine."

Wayne alikohoa kwa maana. Keziah hakugeuka. Alifunua ukurasa mpya.

"Polisi wakija saa nane, unajua itakuwaje?"

"Najua. Bakinipeleka station nitalala huko. Na kesho, siku ya tano, niko na rendez-vous Pretoria ya kuongeza kibali changu. Nikikosa ile siku, kibali kinakufa. Miaka tisa niko hapa, yaya. Kikikufa, nimekuwa mutu bila jina."

Alitoa karatasi kifuani, imekunjwa mara nne, akamkabidhi kwa mikono miwili. Keziah aliisoma. Ilikuwa na muhuri na tarehe, na tarehe ilikuwa ya kesho, Ijumaa.

Keziah alisoma mara ya pili. Kisha akasoma daftari lake.

"Kesho ni siku ya ngapi, umesema?"

"Siku ya tano."

"Jumatano ilikuwa jana."

Hélène alimtazama kama anayetazama mtu mwenye homa. "Jana ilikuwa siku ya tatu, yaya. Leo ya ine. Kesho ya tano. Wewe unahesabu namna gani?"

Keziah alirudi kwenye mstari wa *siku ya tatu* katika daftari lake, akauzungushia duara.

"Wayne," alisema Keziah, "niitie yule binti wa geti."

Tabia aliingia amevua kofia. Hakumtazama Hélène.

"Mwanangu, nihesabie siku za juma, za kwenu Tanga."

"Siku? Jumamosi, Jumapili, Jumatatu..." Tabia alikunja kidole kwa kila siku. "Mosi, pili, tatu."

"Hapo hapo. Kidole cha tatu kimekaa wapi?"

"Jumatatu."

"Hélène, na wewe. Anza pale mnapoanzia kule Likasi."

"Siku ya yenga tunaenda kanisa. Asubuhi yake banaenda kazi, ni siku ya kwanza. Halafu ya pili. Halafu ya tatu." Alikuwa naye amenyanyua vidole. Wanawake wawili walisimama hivyo, kila mmoja na vidole vitatu hewani, wa Tanga ameshika Jumatatu, wa Likasi ameshika Jumatano.

Basi, yule mtoto wa kitendawili umemwona? Ni Jumatatu. Mashariki ni wa tatu, magharibi ni wa kwanza, na mama mmoja kawazaa wote saba.

"Ya Rabi," alisema Tabia polepole. "Kwa hiyo dada wa watu nimemuuza kwa kuhesabu vidole."

"Ulihesabu sawa," alisema Keziah. "Kwenu. Hélène, na siku ya posho?"

"Samedi, Jumamosi yenu. Zamani kule mine, mgodini, siku ile kampuni ilikuwa inagawia bafanyakazi posho, unga na samaki. Baba alikuwa anarudi na mufuko kwenye bega. Mine ilifunga, posho ikakwisha, jina ikabaki."

Daktari Chepngetich aliketi juu ya sanduku la mawigi. "Siku ya kuoga," alisema.

"Ndiyo hiyo, Daktari. Siku imeitwa kwa kazi yake. Sasa sikilizeni ujumbe upya." Keziah alisoma kwenye daftari. "Nitakibeba Jumatano. Jumamosi kitaingia. Kitaingia wapi? Getini kwa Tabia. Ndiyo maana anaambiwa Tabia. Huyu alikuwa anaazima bila kuomba, na kurudisha kabla ya kuulizwa. Na Jumanne asubuhi, kitana kilipokosekana, bado alikuwa anasubiri siku yake ya kukichukua."

Wayne alipangusa uso. "Sawa. Sawa, Auntie. Lakini mfuko wa Jumatatu?"

"Nilimwambia Tabia," alisema Hélène. "Ilikuwa ndevu. Ndevu sita za bandia. Zilijaa matope, nikaenda kuziosha nyumbani."

"Tumesema mara ngapi zisioshwe?"

"Patron, zilikuwa zinanuka. Chifu alikuwa anapiga chafya kila akipenda kusema neno."

Daktari aligeuza uso ukutani, mabega yakamtikisika. Tabia alisema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo zilikuwa ndevu kweli," na Hélène, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, alimjibu rafiki yake: "Nilikuambia, mujinga wewe."

Lakini Keziah hakuwa amecheka. Amemwondoa mtu kwenye kosa, kitana bado hakijarudi, na saa ilikuwa inaelekea saba. Alisimama akasogea kwenye ukuta wa picha.

"Picha zako za Jumatatu ni zipi?"

"Mustari ule wa chini. Kila picha nimeandika saa, namna yenu munahesabu."

Keziah alitoa miwani. Chifu, mbele. Chifu, ubavuni, ndevu zimesukwa mikia miwili. Chifu saa nane na nusu, ameshika kitana chenye meno yote. Chifu saa kumi, amesimama mbele ya moto, kitana kimening'inia kiunoni, nusu nje ya mfuko wake wa ngozi. Kwenye hiyo picha alisimama muda mrefu.

"Chifu wenu ana meno yote?"

"Ya Hollywood," alisema Wayne. "Kwa nini?"

"Kitana chake kina mapengo."

Daktari aliruka kutoka kwenye sanduku. Hakugusa picha. Aliisogelea mpaka pumzi yake ikaacha ukungu.

"Subiri," alisema Keziah. "Macho yanaweza kupenda kitu. Tuhesabu kwanza. Wayne, lete kitabu cha stoo."

Wayne alikwenda akarudi nacho. Keziah alikifungua magotini kwa Hélène, wote waone.

"Vitana vya kuiga vilipokelewa kumi na viwili. Jumatatu chifu alikalia kimoja. Kilichovunjika kiko wapi?"

"Vipande viko hapa," alisema Hélène, akatoa bahasha kwenye droo ya vioo. Keziah alivimwaga kiganjani, akavipanga. Kitana kizima, hakuna pengo.

"Kumi na viwili toa kimoja?"

"Kumi na kimoja," alisema Tabia.

"Halafu kuna mstari huu. *Jumatatu, saa tisa na dakika arobaini, kimetoka kitana 1 badala ya kilichovunjika. W.* Kumi na kimoja toa kimoja?"

"Kumi."

"Asubuhi hii kwenye sinia nimehesabu kumi na kimoja." Keziah alifunga kitabu. "Kwa hiyo hicho kimoja kilichotoka hakikutoka kwenye sinia. Wayne, mwanangu. Hiyo W ni ya nani?"

Simu moja ya Wayne ililia. Hakuipokea.

"Mkurugenzi alikuwa anapiga kelele," alisema. "Jua lilikuwa linatoka kwenye kioo cha paa, tukilikosa tunarudia siku nzima. Nilikimbia stoo. Nilifungua..." Alisimama.

"Mtoto wa juu au wa chini?"

"Ufunguo uliokubali kwanza." Alitazama sakafu. "Kulikuwa na kitana ndani. Nikachukua. Kwangu mimi vyote vilikuwa vitana, Auntie. Wallahi sikuwahi kukitazama kile cha kweli sawasawa."

Daktari tayari alikuwa mlangoni.

"Mavazi ya chifu yako wapi?"

Chumba cha mavazi kilikuwa upande wa pili wa uwanja wa ndani, kupita mashua ya mbao isiyo na upande wa nyuma. Walikwenda wote watano, Daktari mbele, karibu anakimbia, akisema njiani maneno ya mtu anayehesabu msiba: maji moto, sabuni, mashine, pembe ya miaka elfu moja, ingefunguka kama karatasi.

Mavazi ya chifu yalikuwa yananing'inia peke yake kwenye reli ya mwisho, magumu kwa matope yaliyokauka, yamesimama karibu bila hanga. Kwenye kola kulikuwa na kibandiko chenye herufi nyekundu: USIFUE. AMRI YA MKURUGENZI.

Mkanda ulikuwa umezungushwa kiunoni. Kwenye mkanda, kisu cha mbao, na mfuko wa ngozi uliogeuka tofali.

"Usivute," alisema Daktari. Alipiga magoti kwenye saruji, akapapasa mfuko kwa vidole viwili, akaubonyeza chini, juu, chini tena, kama anayemtoa mtoto kipande cha mwiba. Tope lilidondoka. Kikatoka kichwa cha kitana, chenye maua yaliyochongwa, kisha mwili, kisha meno, kisha mapengo matatu yaliyokaribiana.

Alikiweka kwenye kitambaa cha miwani yake. Akakigeuza. Akakigeuza tena.

"Kizima," alisema. Halafu akakaa chini kabisa, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto wa chekechea, akaanza kucheka na kufuta macho kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na matope.

"Daktari," alisema Keziah, "ungeshinda ule ubishi wako, haya mavazi yangefuliwa Jumanne kwa maji moto."

"Najua. Usiliandike hilo kwenye ripoti."

"Maoni ya arobaini na nane," alisema Wayne. Alikuwa anajaribu mzaha. Alitoa simu akapiga, na wote wakamsikia akiwaambia polisi kwamba hapana, hakuna haja, kimepatikana, kosa ni lake, ndiyo, lake, W kwa Wayne. Alipomaliza alisimama mbele ya Hélène, mikono nyuma.

"Dada Hélène, nimekukosea. Kesho nitakuendesha mwenyewe Pretoria. Tutatoka saa kumi alfajiri, tusikute foleni."

"Saa kumi yako au yangu?" aliuliza Hélène. "Yangu ni ya Kifaransa, asubuhi, watu banakula chai."

Tabia ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka koti likamvuka bega, akamshika Hélène shingoni, na Hélène akamwacha amshike.

"Giza likiwa bado lipo," alisema Wayne. "Hiyo ni saa ya kila mtu."

"Sharp," alisema Hélène, yaani sawa kwa lugha ya mtaani Johannesburg.

Walirudi saluni. Tabia alileta chai kwa chupa, vikombe vinne vya watu watano. Daktari aliweka kitana juu ya taulo safi, katikati ya vioo vitatu, na kikaonekana kama vitana tisa. Keziah alianza kuandika ripoti kwenye ukurasa wa kulia, mistari mifupi. Kilikuwa wapi. Kilitoka vipi. Nani kakitoa. Alipofika chini aliinua kichwa.

"Limebaki swali moja. Nimeuliza mara mbili asubuhi, hukunijibu. Jumatano mpaka Jumamosi, siku tatu. Ulitaka kukifanyia nini?"

Kicheko cha Hélène kilirudi ndani. Alitazama daftari.

"Utaandika?"

"Inategemea."

"Kama utaandika jina, nitanyamaza. Iko mutu ambaye kibali chake kilikufa mwaka jana. Haiko na rendez-vous. Bakisoma jina, banakuya Malvern kumubeba."

Keziah alifunga kalamu. Akafunga daftari, akaligeuza jalada chini, jedwali la kuzidisha juu, akaweka kikombe chake juu yake. Wayne alitazama wote wawili, kisha akachukua simu zake zote mbili akazitia mfukoni.

"Mimi stoo inanihitaji," alisema, akatoka, akafunga mlango taratibu.

Hélène alinyoosha mkono kuelekea kile kitana, akaurudisha. Daktari Chepngetich alikichukua pamoja na taulo lake, akamwekea mapajani.

Hélène alipitisha kidole kando ya meno, asiyaguse, akifuata mteremko wa msumeno wa mtu aliyekufa kabla ya babu wa babu zake.

"Ni bwana yangu, Placide," alisema. "Yeye ndiye alichonga zote kumi na mbili, kwenye photo tu, hii yenyewe hajaiona na macho. Placide anatumia mukono wa kushoto. Kule masomoni balimufunga ile mukono na kamba, balimu bakamupiga, mpaka leo akila mbele ya bantu anaficha. Sasa aliangalia photo usiku muzima, akaniamusha, akasema, Hélène, meno yamelala upande wangu. Alitaka kuishika tu, yaya. Alitaka kujua kama huyu muzee naye alikuwa wa kushoto."